Buluo: Prizi za nchi za watu zinavyokula telefoni na mashini za wasafiri

Mfanyabiashara akitoka Buluo asubuhi, akapita Likasi mjini, akashuka barabara ya taifa nambari 1 hadi Lubumbashi na kisha Kasumbalesa, anaweza kulala Zambia siku ileile. Pasipoti imepigwa muhuri, kadi ya chanjo ya homa ya manjano iko mfukoni, franka zimebadilishwa. Usiku, katika nyumba ya wageni ya Chililabombwe ama Kitwe, anatoa sharjeri ya telefoni. Ukuta wa Zambia una matundu matatu ya pembe nne. Fishi yake ya Kongo ina miguu miwili ya mviringo.

Kinachofuata wasafiri wengi wa huku wanakijua. Anachukua bic, anaisukuma ndani ya tundu la juu, matundu ya chini yanafunguka, kisha anaingiza fishi kwa nguvu. Telefoni inaanza kula umeme, na mama analala akiwaza bei ya mzigo.

Mbinu hiyo inafanya kazi kwa sababu inayojulikana. Katika prizi za mtindo wa Uingereza, ambazo Zambia, Kenya, Uganda, Tanzania na Dubai wanazitumia, tundu la juu ni la waya wa ardhi. Mguu wa juu wa fishi ni mrefu kuliko ile mingine, na ndio unaofungua vifuniko vya ndani ili mtoto asiingize msumari. Bic inachukua nafasi ya mguu huo. Lakini miguu myembamba ya fishi yetu haishikwi vizuri na vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya miguu minene. Inalegea, inatoa cheche, inapata moto. Zaidi ya hapo, fishi ya Kiingereza ina fuzi ndogo ndani yake, ambayo inakatika kabla waya haujaungua. Anayepita kwa bic amejinyima kinga hiyo.

Kwa mtu wa Buluo, telefoni inayoungua Kitwe ina maana kubwa kuliko bei yake dukani. Ndani yake kuna M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, kuna nambari za wateja, kuna picha za mizigo na risiti. Laini ya simu ya Kongo ikipotea ama kuharibika, kuirudisha kunahitaji mwenyewe na kitambulisho chake mbele ya wakala, na wakala huyo yuko ng'ambo ya mpaka. Mwenye pesa za kununua mzigo ndani ya telefoni isiyowaka ni sawa na mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Ajabu yenyewe ni kwamba umeme wa Zambia na wa kwetu ni ndugu. Tangu miaka ya 1950, laini kubwa inaunganisha Katanga na eneo la shaba la Zambia. Zamani ilibeba umeme wa huku kwenda kwao, na siku hizi makampuni ya migodi ya Katanga yananunua umeme wa kusini kupitia njia hiyohiyo. Hapa tuna volti 220, kule 230, na pande zote mbili ni hertzi 50. Hakuna sharjeri ya telefoni inayojali tofauti ya volti 10. Kinachotofautiana ni umbo la tundu tu, na dawa yake ni adaptateri ndogo, nzima, isiyolegea, inayonunuliwa kabla ya safari na si saa nne za usiku.

Hapo ndipo wasafiri wengi wanachanganya mambo mawili. Adaptateri inabadilisha umbo la fishi. Haibadilishi umeme. Kwa safari ya Zambia inatosha. Kwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam ama Dubai pia inatosha. Rwanda na Burundi, fishi nyembamba ya miguu miwili ya mviringo inaingia bila shida, na Ubelgiji na Ufaransa ni kama nyumbani, maana prizi zetu zilitoka kwao. Afrika Kusini wana yao: miguu mitatu minene ya mviringo, ambayo haipatikani karibu popote nje ya eneo la kusini, ingawa nyumba mpya za huko zinapata prizi ndogo ambayo fishi yetu nyembamba inaingia. Katika nchi hizo zote umeme ni wa volti kati ya 220 na 240.

Marekani na Kanada ni habari nyingine. Huko ukuta unatoa volti 120 na hertzi 60.

SHABA NDIYO ILIYOGAWANYA DUNIA

Wakaaji wa Likasi wana haki ya kujua kwa nini, kwa sababu jibu liko ndani ya kazi ya mji wao.

Thomas Edison alipowasha taa za New York mwaka 1882, alitumia volti karibu 110, na Wamarekani wakajenga kila kitu juu ya hesabu hiyo. Mwaka 1899 kampuni ya umeme ya mji wa Berlin iliamua kuhamia volti 220. Sababu ilikuwa waya. Nguvu ya umeme ni volti mara ampere, kwa hiyo ukizidisha volti mara mbili, ampere zinapungua nusu, na waya mwembamba unaweza kupeleka nguvu ileile. Waya mwembamba maana yake shaba kidogo. Ulaya ilifuata njia hiyo, na Wabelgiji wakaja nayo huku.

Hata ile fishi nene ya Kiingereza ni mtoto wa upungufu wa shaba. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na nyumba nyingi za kujenga na shaba haba. Wahandisi wake wakapitisha waya mmoja kwa mzunguko ndani ya nyumba nzima, prizi nyingi zikining'inia kwenye mzunguko mmoja, na kwa kuwa mzunguko huo unabeba ampere nyingi, kila fishi ikapewa fuzi yake. Kanuni hiyo ilitolewa mwaka 1947. Wakati huo Likasi, ikiitwa bado Jadotville, ilikuwa ikisafisha shaba kwa umeme katika kiwanda cha Shituru, na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililoanza kutoa umeme mwaka 1930, lilikuwa linalisha viwanda hivyo. Mwaka 1952 reli ya kutoka Likasi kwenda Tenke ilianza kuendeshwa kwa umeme wa hertzi 50. Katika hesabu za umeme, sisi ni watu wa 220 na 50 kwa miaka mingi.

Ndiyo maana mzigo wa ndugu kutoka Marekani unaleta furaha siku ya kwanza na kilio siku ya pili.

MZIGO WA NDUGU

Chukua mashini ya kunyoa. Makwafere wa huku wanaipenda sana ile ya Kimarekani, ya waya, nzito mkononi. Imeandikwa chini, kwa herufi ndogo: 120V 60Hz. Ukiichomeka kwenye prizi ya Buluo, inalia kwa sauti ya kutisha kwa sekunde chache, inatoa harufu, inanyamaza. Hapo mtu anakwenda kutafuta transfo ya kushusha 220 kuwa 110, na anadhani amemaliza. Lakini transfo haigusi hertzi. Mashini ya namna hiyo ina sumaku inayotikisa kisu kufuatana na mapigo ya umeme, na imepangwa kwa mapigo ya 60. Ikipewa ya 50 inagonga, inakuwa moto na kukata vibaya. Kuna parafujo kando yake ya kurekebisha mlio, na wanaoijua wanaizungusha hadi kelele inapungua, lakini haitakuwa kamwe ile iliyouzwa Marekani. Watengenezaji walewale wanauza aina ya 220V 50Hz. Kwa anayeagiza, afadhali kumwambia ndugu atume ya batri, ambayo sharjeri yake imeandikwa 100-240V.

Maneno hayo, 100-240V, 50/60Hz, ndiyo mtu anapaswa kuyatafuta kwanza kwenye kila kifaa. Yako kwenye sharjeri, yameandikwa madogo kiasi kwamba wengine wanapiga picha kwa telefoni ili wayakuze. Mbele yake kuna neno INPUT, yaani umeme unaoingia. Usiyachanganye na OUTPUT, umeme unaotoka kwenda kwenye telefoni, ambao ni volti 5, 9 ama 20. Sharjeri za telefoni na za ordinateri za kubeba, karibu zote za miaka hii, zinakubali dunia nzima. Kwa vifaa hivyo transfo ni uzito wa bure kwenye valizi.

Hatari iko kwenye vitu vinavyotoa joto na vinavyozungusha mota: pasi, mashini ya kukausha nywele, birika, blenda. Pasi ya Marekani ya wati 1000, ikipewa volti 220, inajaribu kutoa zaidi ya mara tatu ya joto lake. Haifiki mbali. Transfo inayoweza kuibeba inagharimu pesa na uzito kuliko pasi yenyewe, na zile ndogo za wati 300 zinazouzwa sokoni zitaungua kabla ya nguo kunyooka. Kwa maoni yangu, kitu cha joto cha volti 120 hakistahili hata nafasi kwenye begi.

Ordinateri za mezani zilizotumika, zinazofika kwa makontena, zina mtego wake. Nyuma, karibu na mahali pa waya, nyingi za zamani zina kitufe chekundu kinachoonyesha 115 ama 230. Iliyotoka Marekani iko kwenye 115. Ukiichomeka hapa bila kukisogeza, utasikia mlipuko na kuona moshi. Kukisogeza kunachukua sekunde moja, na kunahitaji kucha tu ama bisibisi. Nashangaa wauzaji wengi hawaandiki hata karatasi moja ya onyo juu ya kasha.

Jambo linaumiza zaidi linapofika kwa mgonjwa. Familia zenye mtoto wa pumu ama mzee wa mapafu zinatumiwa mashini ya mvuke kutoka Kanada, na mashini ile ikiungua siku ya kwanza, dawa ipo lakini hakuna cha kuipeleka kifuani. Anayemsindikiza mgonjwa kwenda kutibiwa India ama Afrika Kusini anakutana na shida hiyo kwa upande mwingine: akinunua kifaa kule, volti zinafanana na zetu, fishi haifanani. Kwa kifaa cha tiba, usimkubali fundi akate fishi na kufunga waya wa ardhi kwa utepe. Waya wa kijani na manjano una kazi ya kumwokoa anayekigusa.

NDANI YA KAMYONI

Shaba na kobalti zinapita Likasi kwa kamyoni, usiku na mchana, kuelekea Kasumbalesa na bandari za mbali. Mashoferi, wasaidizi wao na abiria wanaobebwa njiani wanachaji telefoni kwenye tundu la kiberiti cha gari. Gari dogo lina volti 12. Kamyoni kubwa ina 24. Sharjeri nyingi za bei ya chini zimeandikwa 12V peke yake, na zikiingia kwenye kamyoni zinaungua, wakati mwingine pamoja na telefoni. Inayofaa imeandikwa 12-24V. Ni alama ndogo, lakini kwa safari ya siku kumi hadi Dar es Salaam ama Durban inamaanisha kuzungumza na nyumbani ama kukaa kimya.

Shoferi anayetumia kisanduku cha kugeuza umeme wa batri kuwa wa nyumbani anapaswa kujua kwamba vile vya bei rahisi vinatoa umeme wa mawimbi makali. Sharjeri ya telefoni inavumilia. Mota za feni na friji ndogo zinapata moto na kulia.

UMEME UNAPORUDI

Kuna adui ambaye haangalii pasipoti. Zambia ilitangaza janga la taifa tarehe 29 Februari 2024 kwa sababu ya ukame, maji ya Kariba yakashuka, na mwaka huo wateja wengi wakapata umeme kwa saa chache tu kwa siku. Afrika Kusini ilipitia katika 2023 mwaka wake mbaya zaidi wa delestaji. Sisi hatuna la kujifunza kwao kuhusu giza. Tunachopaswa kukumbuka ni kwamba vifaa haviharibiki sana umeme unapokwenda, ila unaporudi. Friji zote za mtaa zinaanza pamoja, volti zinashuka, zinapanda, zinaruka kwa muda mfupi juu ya kipimo.

Msafiri hana stabilizateri mfukoni, lakini ana mkono. Umeme ukikatika, ondoa fishi ukutani. Ukirudi, ngoja dakika chache, angalia kama taa zimetulia, ndipo uchomeke. Katika hoteli ndogo moja ya mpakani nilikolala, grupu ilikuwa inapumua: balbu inang'aa sana, inafifia, inang'aa tena. Grupu ya namna hiyo, isiyoshika mwendo wake, inarusha volti juu na chini. Mahali kama hapo jaza kwanza pawabanki, kisha telefoni ile kutoka pawabanki. Kikiungua, kitakuwa cha bei ndogo.

Mvua ya Katanga inakuja na radi kati ya Novemba na Machi, na huko Kivu ni mbaya zaidi: utafiti wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Sud-Kivu, mbele ya sehemu zote za Afrika kwa wingi wa radi. Ralonji yenye taa nyekundu iliyoandikwa parafoudre inasaidia kidogo kama ni ya kweli na kama nyumba ina waya wa ardhi. Nyingi hazina hata kimoja. Kuchomoa bado ni bora.

PAWABANKI NA NDEGE

Wanaopanda ndege Lubumbashi kwenda Addis Ababa ama Nairobi, kisha Dubai ama Guangzhou, wanakutana na sheria nyingine. Pawabanki haiingii kwenye mzigo wa chini ya ndege. Inakaa nawe. Kipimo ni wati-saa 100; kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya kampuni ya ndege; zaidi ya hapo inabaki uwanjani. Kama pawabanki imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 na ugawanye kwa 1000. Ya 20,000 inakuwa 74, inapita. Ya 30,000 inakuwa 111, na hapo mazungumzo na walinzi yanaanza. Ile ambayo maandishi yamefutika inaweza kuchukuliwa hata kama ni ndogo.

Ukali huo una sababu. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Gimhae, Korea Kusini. Abiria walitoka hai, na wachunguzi walielekeza kidole kwenye pawabanki. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates hairuhusu kuitumia ndani ya ndege. Kila abiria anabeba moja tu, isiyozidi wati-saa 100. Na wanaonunua bidhaa China wasikie hili: tangu tarehe 28 Juni 2025, pawabanki isiyo na alama ya 3C hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya nchi hiyo. Mama aliyetua Guangzhou na kupanda ndege nyingine kwenda Yiwu anaweza kunyang'anywa ile aliyoinunua Likasi.

Uwanjani kuna pia matundu ya USB ya bure. Mwezi wa Aprili 2023, ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, iliwaonya wasafiri wasiyatumie, kwa hofu kwamba tundu linaweza kuingiza programu ya wizi ndani ya telefoni. Visa vilivyothibitishwa ni vigumu kuviona, lakini kwa telefoni yenye pesa sioni sababu ya kujaribu. Tumia sharjeri yako kwenye prizi ya kawaida.

Na sharjeri yenyewe isiwe ya kuokota. Zile bandia ni nyepesi mno mkononi, kwa sababu ndani mna vipande vichache na nafasi ndogo kati ya upande wa volti 220 na upande wa telefoni. Nafasi hiyo ikipitwa, umeme wa ukutani unafika kwenye waya unaoushika. Kwa hiyo usipige simu huku telefoni inachaji, hasa bafuni ama kwenye sakafu yenye maji, na usilale nayo chini ya mto.

Kwa anayenunua mzigo wa vifaa Guangzhou ama Dubai ili auze hapa Likasi, umeme wa miji hiyo ni volti kama zetu na hertzi 50, lakini viwanda vya China vinatengeneza kwa ajili ya Marekani pia, na kasha linaweza kufanana. Fungua moja, geuza, soma chini. Mwambie muuzaji aandike kwenye fakitire: 220V, 50Hz, fishi ya Ulaya ya miguu ya mviringo. Fanya hivyo kabla ya kulipa, maana kontena likishafika Kasumbalesa hakuna anayerudisha.

Kabla ya kufunga valizi, chukua karatasi. Andika nambari za watu watano unaowategemea, nambari ya wakala wako wa pesa na jina la mahali utakapolala. Iweke pamoja na pasipoti, mbali na telefoni.